Sanduku Namba Sifuri

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Kiwanda kizima cha sabuni, kuanzia getini mpaka kwenye matangi ya mafuta, kilimwita Baadaye. Usije ukadhani alikuwa mvivu wa kuahirisha kazi, la hasha! Jina alilipata kantini. Foleni ikiwa ndefu na njaa imewashika watu, yeye ndiye wa kusogea kando na kusema, "Pita tu dada, mimi baadaye. Pita kaka, mimi baadaye." Akija kufika mbele, mpishi anakwangua sufuria, naye anapokea ukoko na kusema ahsante kama mtu aliyependelewa.

Tabia hiyo alitoka nayo nyumbani. Alikuwa kifungua mimba, na nyuma yake walipangana wadogo zake kama ngazi. Mama yao akiwa kazini, yeye ndiye aliyepakua. Mama akirudi anakuta watoto wameshiba, vyombo vimeoshwa, na mkubwa wao anakunywa maji.

"Na wewe umekula?"

"Nitakula baadaye, mama."

"Baadaye ya lini, na sufuria unaiona ilivyo nyeupe? Wee mtoto hujihesabu kabisa! Siku moja utakuja kujisahau mahali, na mimi sitakuwepo kukukumbusha."

Alikua, akasoma mambo ya kompyuta, akaajiriwa kiwandani, na tabia ikaja naye kazini sako kwa bako. Ofisi waliyompa ilikuwa stoo ya zamani ya manukato, chumba kisicho na dirisha, na hata baada ya kupakwa rangi upya hakikuacha kunukia ndimu. Kompyuta zilinukia ndimu, nyaya zilinukia ndimu, yeye mwenyewe alirudi nyumbani akinukia ndimu. Humo ndimo alimotengeneza mfumo wa barua wa kiwanda, ili watu waache kutumana vikaratasi. Kila mfanyakazi alipata sanduku lake ndani ya kompyuta, lenye namba ileile ya ajira. Sanduku la kwanza kabisa, lile alilolitumia kujaribia mitambo kabla hajampa mtu yeyote, aliliita namba sifuri, maana mafundi wa kompyuta huanza kuhesabu hapo. Majaribio yalipokwisha hakutaka kusumbua watu wa utumishi wampangie jingine. Akabaki na hilo hilo, na kwa kuwa watu wengi walimfuata kwa miguu, ni wachache walioijua namba yake.

Sasa, ng'ambo ya uwanja wa kupakilia mizigo kulikuwa na maabara, na ndani ya maabara alikuwepo mkemia mmoja, mwanamke mwenye miwani na ulimi mwepesi. Kazi yake kubwa ilikuwa kutikisa maji ya sabuni kwenye mirija ya kioo na kupima kimo cha povu kwa rula. Wakamwita Bi Povu. Siku moja Bi Povu aliandika: "Fundi, kompyuta ya maabara imeganda."

Baadaye akajibu kutoka sanduku namba sifuri: "Izime, hesabu mpaka kumi, iwashe tena."

Baada ya muda jibu likaja. "Nimeizima. Nimehesabu mpaka kumi. Imewaka. Niendelee kuhesabu au niache?"

Baadaye alicheka peke yake mle ndani mpaka machozi yakamtoka. Akamwandikia kwamba aendelee, asiache mpaka aambiwe. Kesho yake akapokea ujumbe usio na kitu ila namba, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, mstari baada ya mstari. Ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea hivyo kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Waliandikiana asubuhi, waliandikiana mchana. Baadaye alimsimulia habari za mama yake na ukoko wa kantini, naye Bi Povu akamsimulia jinsi alivyotaka kuwa mwimbaji mpaka siku aliyojisikia kwenye kinasa sauti.

Lakini uwakutanishe ana kwa ana sasa! Aibu tupu.

"Habari za leo?"

"Nzuri. Kazi?"

"Inakwenda."

"Haya."

Basi, kila mtu anakagua viatu vyake. Bi Povu, ambaye angeweza kubishana na meneja mbele ya wageni, akiwa mbele ya fundi ulimi unamnata. Fundi ndiyo usiseme, yeye hata "haya" ilimtoka kwa shida.

Halafu Bi Povu akapata nafasi ya kwenda kusoma nje, mwaka mzima. Siku ya kuaga alizunguka idara zote, na stoo ya manukato akaiacha mwisho. Alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Fundi, mimi naondoka."

"Nimesikia. Hongera sana."

"Ahsante." Akapiga moyo konde. "Sikiliza. Simu ya kiwandani siipigi. Opereta ana masikio marefu, na mdomo ndiyo mrefu zaidi. Kuongea wewe huwezi, na mimi nikikuona nakuwa kama wewe. Tunachoweza ni kuandikiana. Sasa hizi barua zako zinaishia getini. Utazifikisha huko niendako?"

"Nitazifikisha."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

"Basi tukubaliane. Ukiniandikia, nitakujibu. Nikikuandikia, unijibu. Atakayemkalia mwenzake kimya, huyo ameshasema, na hakuna kuulizana wala kusumbuana. Sawa?"

"Sawa," alisema Baadaye, na alitamani kusema mengine kumi juu ya hilo. Bi Povu akamwachia karatasi yenye anwani yake ya chuo, na alipofika nje ya uwanja aligeuka mara moja, akaenda zake.

Kuanzia siku ile fundi wetu akawa mtu mwingine. Meneja alikuwa akidai barua za intaneti tangu zamani, ili aandikiane na wateja wa mbali, na kila mara kazi hiyo ilisukumwa mbele na kazi nyingine. Sasa Baadaye mwenyewe ndiye aliyembana meneja, akamtoa saini, akapata laini ya simu ya peke yake na modemu mpya. Ilikuwa kazi ya kujenga lango. Upande wa ndani, barua za kiwanda zilitembea kwa namba. Upande wa nje, intaneti haitaki kujua namba yako ya ajira, inataka anwani yenye jina lako na jina la kiwanda. Kompyuta ya langoni ilitakiwa kusimama katikati kama mkalimani: barua ikitoka, ivue namba na kuvaa jina, ikiingia, ivue jina na kuvaa namba. Kila baada ya muda modemu ingepiga simu kwa kampuni ya intaneti mjini, itoe mayowe yake yale ya kukwaruza, ikabidhi za kutoka na kupokea za kuingia.

Si kwamba mambo yalinyooka siku ya kwanza. Kiwandani kulikuwa na anwani moja iliyoitwa "wote", ya kutangazia jambo kwa kila mtu, na katika majaribio Baadaye aliiunganisha vibaya ikawamwagikia hata wateja. Tangazo la kantini likaruka mipaka: leo kuna maharage na wali, wahini mapema. Mteja mmoja wa mbali sana alijibu kwa adabu kwamba anashukuru, hatawahi, lakini kama inawezekana awekewe sahani. Meneja alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa alisema mlango huo wa kutokea ufungwe mara moja, na Baadaye akaufunga. Ule wa kuingilia, wa mtu wa nje kuandika kwa "wote", akauacha wazi. Nani wa nje angeijua anwani ile?

Meneja akaweka na sharti lake. "Fundi, mimi sitaki barua ya mteja irudishwe eti jina halijulikani. Mteja akikosea jina, sisi tumpokee hivyo hivyo."

"Zisizo na mwenyewe tuzipeleke wapi, bosi?"

"Zichapwe masjala. Bi Masjala atajua la kufanya."

Ikawa hivyo. Lango likiona jina lisilolijua, lilituma barua kwenye printa ya masjala, na hapo palikuwa na Bi Masjala, mama wa makamo aliyetunza karatasi za kiwanda tangu meneja wa sasa akiwa karani. Masjala yake ilikuwa na trei ya barua zisizo na mwenyewe, na sheria yake aliijua kila mtu. Hasomi barua ya mtu. Anaangalia ya nani tu. Asipomjua mwenyewe, anaikunja maandishi yaelekee ndani, anaiweka, na mwenyewe akitaka aje aulize. Tangu hapo watu walizoea kupita mlangoni kwake na kuuliza, "Mama, kuna yangu?"

Likabaki daftari la majina la lango lenyewe, lile la kuliambia kwamba namba fulani ni fulani. Baadaye alienda utumishi, akachukua orodha yao na kuiandika yote kwenye kompyuta, namba moja mpaka ya mwisho. Aliandika meneja, makarani, wapishi, madereva, walinzi wa zamu zote mbili. Aliyekuwa likizo ya uzazi akamwandika, anayestaafu mwezi ule akamwandika, kwa sababu nani anajua, huenda akaandikiwa. Alifanya majaribio kwa sanduku la meneja, barua ikaenda ikarudi. Akafanya kwa watu wa mauzo, ikaenda ikarudi. Watu wakapanga foleni kwenye stoo ya manukato, kila mtu anataka kumwandikia shemeji au rafiki aliyeko mbali, naye akawahudumia mmoja mmoja, pita dada, pita kaka.

Foleni ilipokwisha ndipo akakaa na kuandika yake. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akabakiza maneno machache: "Lango limefunguka. Nilikuahidi. Huku povu limekosa mtu wa kulipima, na mimi nimekosa mtu wa kunichekesha. Nikwambie kweli, nimekukumbuka sana." Akafunga macho, akatuma. Modemu ikalia, barua ikaondoka.

Jibu halikuja.

Alisubiri siku ile, akasubiri kesho yake. Wiki ikaisha. Mwanzoni alijifariji kwamba mtu ni mgeni huko, hajatulia. Baadaye akajifariji kwamba masomo ni magumu. Mwezi ulipopita faraja zikamwishia. Akachunguza lango: linafanya kazi barabara, meneja anapokea, mauzo wanapokea, mpishi amepata barua ya binamu yake. Kama mitambo ni mizima, basi jibu analo. Walikubaliana. Atakayekaa kimya ameshasema, na hakuna kusumbuana. Nilishasema huyu bwana alikuwa na adabu, na adabu nyingine, mimi naona, ni ugonjwa.

Mama yake aliona. Mama gani asione?

"Mbona unakula kama unayelazimishwa?"

"Kazi nyingi tu, mama."

"Kazi haimkondeshi mtu hivyo. Kuna mtu?"

"Alikuwepo."

"Umemuuliza kulikoni?"

"Tulikubaliana tusiulizane."

Mama akamtazama, akatikisa kichwa. "Makubaliano gani hayo? Nyinyi mmesoma mpaka mmepitiliza." Akamwongeza chakula bila kumwomba ruhusa.

Naye akajikaza kisabuni, kama tulivyozoea kusema, na kwa mtu wa kiwanda kile maneno yalimkaa vizuri. Alitengeneza kompyuta za wengine. Alipita nje ya maabara kwa mwendo wa haraka. Usiku hakulala vizuri, asubuhi alisema hajambo. Miezi ikasonga hivyo, na mwaka wa masomo wa Bi Povu ukawa unafika ukingoni.

Halafu, Jumatano moja, kiwanda kikaingiwa na jambo.

Lilianzia getini. Mlinzi, ambaye kwa kawaida humkagua mkoba huku akipiga miayo, siku ile alimpigia saluti. "Fundi! Vipi, umeshajibu?"

"Nimejibu nini?"

"Aa, wewe! Haya, jifanye hamnazo. Lakini bwana, mtu hawekwi hivyo."

Baadaye alidhani mlinzi anaulizia simu yake ya upepo aliyoomba itazamwe. Akaahidi kuishughulikia leo leo. Mlinzi akashangilia na kumfungulia geti zima, kama gari linapita.

Ndani, mambo yalikuwa yale yale. Makarani walinyamaza alipoingia na wakaanza kunong'ona alipotoka. Dereva wa lori alimpiga bega: "Kaka, usiogope, kuwa mwanamume." Wasichana wa kufungasha sabuni walimwimbia kitu ambacho hakukielewa, wakacheka wakiegemeana. Kantini ndiyo ilimmaliza. Alipojongea foleni na kusema "piteni tu," mpishi alimnyooshea mwiko toka mbali.

"Leo hakuna kupita! Na mimi nakwambia, mwambie ndiyo!"

"Nimwambie nani?"

"Ebo! Anauliza nani!"

Kantini nzima ikaangua kicheko. Baadaye alirudi ofisini bila kula, uso umemwiva kwa aibu. Alijua sasa. Lango limeharibika, barua za watu zimevurugika tena kama siku ya maharage, na wanamcheka. Akafungua mitambo, akakagua modemu, akakagua waya. Kila kitu kizima. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza aliposikia mtu anakohoa mlangoni.

Alikuwa Bi Masjala. Mama huyu hakuwa na kawaida ya kutoka masjala saa za kazi, hata meneja alimfuata yeye. Mkononi alishika rundo la karatasi zilizokunjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Toka huko chini." Alipoona ametoka na kujipangusa magoti, akamuuliza kwa upole, "Barua ya asubuhi umeipata?"

"Barua gani, mama?"

"Nilijua! Wenzako wanasema unajivunga, nikasema huyu mtoto hana ujeuri huo. Barua imekuja kwa 'wote'. Mimi nimeipata, meneja ameipata, mpishi amebandikiwa ubaoni. Wewe hukuipata?"

"Sikupata kitu."

Bi Masjala akavuta kiti, akaketi. "Basi nijibu na hili. Hizi nazo zimetoka kwa huyo huyo wa asubuhi. Sanduku namba sifuri ni la nani?"

"Langu."

"La kwako! Na mimi nimewauliza utumishi, nani mfanyakazi namba sifuri? Wakaniambia hakuna mtu kama huyo, namba zinaanzia moja, huyo ni mteja amekosea. Mwanangu, zimekuwa zikija tangu lango lilipofunguliwa, zote zimeandikiwa sifuri. Nimezikunja, nimeziweka. Nikangoja mwenyewe aje aulize. Kiwanda kizima kinapita mlangoni kwangu kuuliza 'kuna yangu', wewe hujawahi kuuliza hata siku moja."

Akamwekea rundo mezani. Baadaye hakuligusa. Kwanza aligeukia kompyuta, akafungua lile daftari la majina na kulitazama toka juu. Moja, meneja. Mbili, mhasibu. Akashuka mpaka chini kabisa, kwa mlinzi wa zamu ya pili. Watu wote wa kiwanda walikuwemo isipokuwa yeye, maana utumishi haikuwahi kumpangia namba. Barua yake ilipotoka, lango halikuona jina la kuivisha, likaiacha iende na namba yake tupu. Majibu yaliporudi yakimtafuta sifuri, lango likasema simjui, likayapeleka masjala. Hata "wote" lilihesabiwa kutoka daftari hilo hilo. Kiwanda chote kilikuwa kimesoma barua ya asubuhi, na aliyeandikiwa ndiye pekee hakuipata.

"Nimejisahau," alisema. "Mama, nimemwandika hata aliyestaafu, nikajisahau mimi."

"Soma barua zako, mwanangu," alisema Bi Masjala. Akainuka, akamvutia mlango.

Akazisoma. Ya kwanza ilikuwa ndefu na ya furaha, kwamba barua yake imefika, anwani yake imemchekesha, bado sifuri mpaka huku ng'ambo, na kwamba na yeye amemkumbuka, tena kuliko alivyodhani. Iliyofuata ilimuuliza mbona kimya. Katika nyingine alimweleza baridi ya huko, na bafu la bwenini lenye sabuni isiyotoa povu, akasema angekuwa naye angemwonyesha. Kadiri alivyosonga zilizidi kuwa fupi. Moja ilikuwa na mstari mmoja: "Najua tulikubaliana. Lakini nimeshindwa kuamini kwamba ni wewe huyu." Baadaye alilia, na simwoni vibaya. Mtu alikuwa amemwita mwaka mzima, naye alikuwa amekaa hatua chache kutoka masjala, akijionea huruma.

Karatasi ya juu kabisa, ambayo Bi Masjala aliichapa ya ziada, ndiyo ile ya asubuhi.

"Kwa wote. Jamani, hamjambo? Ni mimi wa maabara. Nawaombeni radhi kwa kuwaingiza katika mambo yangu, lakini uvumilivu umenishinda. Huyo fundi wenu wa kompyuta yu hai? Kama yu hai, nisaidieni kumuuliza. Chuo kimenipa kazi ya kubaki huku, na Ijumaa wanataka jibu. Nikibaki, nimebaki moja kwa moja. Muulizeni kwa sauti, maana kwa maandishi amegoma: nirudi au nibaki? Akinyamaza tena nitabaki, na mumwambie nilihesabu mpaka nikachoka."

Baadaye alijipangusa uso kwa kiganja. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuandika mstari mpya juu kabisa ya daftari la majina: sifuri, halafu jina lake, lile la kwenye kitambulisho. Vidole vilisita alipoliona. Kisha akafungua barua mpya na kuandika anwani ya Bi Povu, akaeleza yote, kuhusu namba na masjala na ujinga wake, bila kujitetea. Mwisho akaandika: "Rudi. Nakupenda, nilikupenda tangu hesabu yako ilipofika kumi na tatu. Rudi."

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma, kikasimama. Alimwaza opereta na masikio yake, alimwaza mlinzi, mpishi na mwiko wake. Mwanamke wa watu alikuwa amejivua aibu mbele ya kiwanda kizima kwa ajili yake. Naye amjibu kwa kujificha? Kwenye nafasi ya anwani, pembeni ya jina la Bi Povu, akaongeza neno "wote". Akatuma.

Halafu kigelegele kikapasuka kutoka chumba cha kufungasha. Kikaitikiwa na makarani, kikavuka uwanja, na lori likapiga honi ndefu kule kwenye mizigo. Mpishi aligonga sufuria kwa mwiko mpaka meneja akatoka ofisini, karatasi mkononi, akauliza kama kuna mtu bado anatengeneza sabuni hapa. Kisha akachungulia stoo ya manukato na kumwambia fundi, "Ungechelewa mpaka Ijumaa ningekufukuza kazi." Akafunga mlango taratibu.

Mchana ule Baadaye hakugusa kompyuta ya mtu yeyote. Alikaa anaitazama modemu. Ilipolia safari ya kwanza, ilileta oda ya wateja. Ilipolia tena, ilileta mambo ya mauzo. Jua lilikuwa limeanza kulegea ilipolia ya tatu, na kwenye sanduku namba sifuri, kwa mara ya kwanza tangu lango lijengwe, kukaingia barua ya kutoka nje.

"Kumi na nne," iliandikwa. "Nakuja."

Alikuja kweli, mwezi uliofuata. Watu walisema ataenda kupumzika kwanza, atapita kiwandani kesho. Lakini saa ya chakula alitokea mlangoni mwa kantini, sanduku la safari mkononi, miwani imemteleza puani. Foleni ilikuwa ndefu. Baadaye alikuwa kando, kama kawaida yake, anawapisha watu. Akamwona, na ulimi ukaanza kumnata.

"Habari za leo?" alisema Bi Povu.

"Nzuri," alisema Baadaye. Akatazama viatu vyake. Kisha akainua uso, akasema kwa sauti ambayo mpishi aliisikia toka nyuma ya sufuria, "Nimekukumbuka sana."

Bi Povu akaweka sanduku chini. Akachukua sahani mbili kwenye rundo, moja akamshikisha mkononi, akamvuta mkono mpaka mbele kabisa ya foleni. Hakuna aliyelalamika. Mpishi alimjazia Baadaye sahani mpaka ukingoni, naye akala siku hiyo chakula cha juu ya sufuria, kikiwa bado cha moto.